Kuvaa Mkono wa Baba

1

Mvua ya Tukuyu haina adabu kwa mtu anayefanya kazi ya masikio. Ikianza kupiga bati, Tusekile huweka mikono mapajani na kungoja, maana huwezi kusikia kitufe kinavyorudi mahali pake wakati juu ya kichwa chako kuna kelele kama ya kokoto zinazomwagwa. Asubuhi hiyo ilikuwa imekatika kidogo na alitaka kuitumia nafasi hiyo vizuri. Kwenye meza ya karakana yake palikuwa na kibodi fupi tano zilizopangwa mstari. Mbele ya meza alikaa baba yake, Mzee Ambakisye Mwaisumo, mikono ameificha chini ya blanketi. Kwenye benchi la wateja alikaa Mapunda, afisa wa Sajili wa wilaya, aliyekuja kuwa shahidi na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akivitazama viatu vyake tu.

Sentensi ya kuandikwa ilikuwa moja kwa kibodi zote: Mimi Ambakisye Mwaisumo nakubali kuwekewa kitulizo kichwani. Kisha namba ya jalada la hospitali, kisha nukta.

Kibodi ya kwanza ilikuwa na swichi laini, zile zinazoshuka bila kizuizi. Vijana wanazipenda kwa sababu hazichoshi vidole, na hazipigi kelele zaidi ya mnong'ono. Kwa Mzee zilikuwa balaa. Kidole kilitetemeka juu ya kitufe, na kitufe kikashuka kabla hakijaombwa. Neno la kwanza lilitoka na msururu wa m, na jina lake mwenyewe likajaa herufi za jirani. Taa ndogo kwenye kona ya kibodi ikawaka nyekundu, rangi ya kukataa, kabla hajafika katikati.

Ya pili ilikuwa ya kigongo. Ukibonyeza unakutana na ubishi kidogo katikati ya safari, kisha kitufe kinaachia. Ubishi huo uliuchuja mtetemo, herufi zikatoka safi, ila Mzee ilimbidi asukume kila moja kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa unyevu, na mwendo wake ukawa wa mtu mwingine kabisa. Taa ikawa njano, ikakaa hapo hapo njano.

Ya tatu ilikuwa ya mlio. Kila kitufe kilitoa sauti yake kavu, tak, tak, na Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alisema kibodi hiyo angalau inajibu. Lakini akawa anaisikiliza, anabonyeza na kungoja jibu, anabonyeza tena na kungoja. Ikawa njano, kisha nyekundu.

Ya nne ilikuwa ya kisasa mno, vitufe vimepangwa safu zilizonyooka wima na kitufe cha nafasi kimekatwa vipande viwili. Vidole vya Mzee vilipotea humo kama wageni sokoni. Ya tano ilikuwa yake mwenyewe, ya kijivu, yenye mipira iliyolegea chini ya vitufe, na yenyewe haikumsaidia. Tena zote tano zilikuwa na kilema kimoja. Mzee alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo zama za kibodi ndefu zenye vitufe vya namba upande wa kulia, na siku hizi ndefu hazitengenezwi tena. Kila alipofika kwenye namba ya jalada, mkono wa kulia ulitoka nje ya kibodi ukagonga mbao tupu za meza. Alikuwa akiomba radhi kila mara, sijui alikuwa akimwomba nani.

Mapunda akaandika matokeo. Huyu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Cheti chake cha kuzaliwa kilipigwa chapa na Mzee Ambakisye mwenyewe, na alipokuwa anasoma shule ya jirani alikula ndizi nyumba hii zaidi ya alivyokula kwao.

"Mapunda, mwanangu," Mzee akasema, "nimekwambia kwa mdomo wangu kwamba nakubali."

"Nimekusikia, Mzee."

"Na wewe unanijua."

"Nakujua. Lakini hakuna mahali pa kuandika kwamba nakujua. Ningepeleka sauti yako, wangeniuliza nimeitengenezea wapi. Ningepeleka picha, ni hivyo hivyo." Akafunga begi lake taratibu. "Kitanda kimeshikiliwa mpaka Ijumaa. Jaribuni tena hata mkiwa wenyewe, mkono ukikubali umekubali. Baada ya hapo sina namna."

Aliaga, akaitikiwa, akatoka akiwa ameinama. Mvua ikaanza tena.

2

Watu waliozaliwa baada ya Sajili huona ni jambo la kawaida, lakini Mzee aliyakumbuka yaliyoileta. Ulifika wakati ambapo mashine ziliweza kuiga sauti ya mtu hata mama yake mzazi akaitika, na kuiga sura yake ikizungumza na kulia machozi. Mashamba yaliuzwa na wenyewe hawana habari. Watu waliachana na wake zao kwa simu ambazo hawakuzipiga. Kilichobaki ambacho mashine ilishindwa kukiiga ni mpigo, yaani namna vidole vya mtu vinavyotembea juu ya vitufe: kidole gani hukawia, kipi huwahi, pengo gani huachwa kati ya herufi na herufi. Ndipo ikapitishwa sheria kwamba kauli ya mtu ni ile aliyoiandika kwa mpigo wake, basi. Nyingine zote ni kelele.

Na Sajili haikuwa jiwe. Ilijua kwamba watu wanazeeka. Kila sentensi iliyokubaliwa ilimsogeza mwenyewe kidogo, ikamfuata alivyobadilika, kwa hiyo bibi wa miaka tisini aliyeandika kila siku alitambulika sawasawa na mjukuu wake. Wagonjwa wa mtetemo wako wengi mjini hapo na Sajili inawajua vizuri, kwa sababu iliuona mtetemo ukianza na ukakua nao.

Mzee Ambakisye yeye aliacha kuandika.

Hilo ndilo kosa lake, na halikuwa kosa la kijinga. Maisha yake yote alisifiwa kwa kazi safi. Mahakimu waliokuja na kuondoka walikubaliana kwamba hukumu iliyopigwa na Mwaisumo haina doa. Siku vidole vilipoanza kumwangusha, akaona aibu Sajili iyaone makosa yake, akaiweka kibodi ya kijivu juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Alimwambia Tusekile kwamba amestaafu kuandika kama alivyostaafu kazi. Binti akacheka, akaona ni vituko vya uzee. Alipokuja kugundua kwamba baba yake anakunywa uji kwa mrija, akiwa amegeukia ukuta, Sajili ilikuwa bado inamngoja yule karani wa zamani asiye na doa, na yule karani hakuwepo tena.

Daktari alisema kitulizo kingemrudishia mikono. Ni kidude kidogo sana kinachotia umeme hafifu mahali fulani ndani ya ubongo. Sheria ikasema, na ilisema vyema, kwamba hakuna mtu atakayewekewa kitu kichwani pasipo kauli yake mwenyewe. Kwa hiyo dawa ya mikono ilihitaji mikono mizima kwanza. Tusekile alilizungusha jambo hilo akilini mpaka likamchosha, kila upande alikutana na ukuta ule ule.

Na wasipowahi Ijumaa? Mzee angeandikishwa kuwa Kimya. Kimya ni neno la ofisini kwa mtu aliye hai ambaye kauli yake haisomeki. Wilaya humteulia msemaji, mtu asiyemjua, ambaye huamua mgonjwa alale wapi, atibiwe nini, na mara nyingi huamua kwamba asitibiwe kwa kuwa ndiyo salama zaidi kwa msemaji.

Kulikuwa na njia moja, na wote wawili waliijua.

Kazi ya Tusekile ni kulinganisha kibodi. Ya mteja ikichakaa, yeye ndiye wa kumtafutia mpya itakayomkubali, na ili afanye hivyo hujifunza mpigo wa mteja mpaka vidole vyake viweze kuuiga. Wenyewe huita kuvaa mkono. Wachache wanaiweza, na wanaoiweza wamekula kiapo. Mlinganishaji akivaa mkono wa mtu huandika sentensi mpaka neno la mwisho, akaiacha wazi, haweki nukta. Sajili haihesabu sentensi isiyofungwa. Mlinganishaji anayeweka nukta ameiba mtu.

Mkono wa baba yake aliuvaa tangu utotoni, kabla hajajua kwamba unaitwa hivyo. Alilala akiusikia kutoka chumba cha pili.

Mzee aliliona wazo hilo usoni pa binti yake jioni wakila. Alisema amekaa mahakamani muda mrefu, ameona wajane waliowekewa kidole gumba kwenye karatasi na mashemeji zao, na wote walioshika vile vidole walisema wanafanya kwa wema. Kisha akauweka chini mkate aliokuwa ameshindwa kuufikisha mdomoni.

"Usinivae, Tuse. Niache nishindwe mwenyewe."

Tusekile akaitikia kwamba amesikia.

3

Siku zilizobaki aliunda kibodi. Hakuwahi kutengeneza nzuri kuliko ile, na nadhani hatatengeneza tena. Alichukua swichi za kigongo akazipunguza ubishi kwa mafuta. Chini ya vidole dhaifu vya Mzee, kile cha pete na kidogo, aliweka chemchemi nzito ili visiweze kuangukia kitufe kwa bahati mbaya, na chini ya vidole vyenye nguvu akaweka nyepesi. Akatandika sponji nyembamba ndani ya sanduku mpaka mlio ukawa mfupi na wa chini, unaofanana na wa ile kibodi ya mahakamani. Upande wa kulia, japo iliharibu umbo, akaunganisha kijibodi cha namba alichokitoa kwenye mashine mbovu ya duka la dawa. Ilikuwa mbaya kwa sura. Mzee alipoiona aliipapasa vitufe vyote, akasema ina heshima.

Alhamisi akaketi kuiandikia. Tusekile alisimama nyuma yake na kushikilia pumzi. Mzee alikwenda polepole, akasimama, akaendelea. Mkono wa kulia ulipotoka kutafuta namba, ukazikuta. Jina lake lilikuwa limetoka zima bila herufi ya ziada hata moja, na taa ilikuwa njano, njano iliyokolea kuelekea kijani, na Tusekile akajikuta anasali. Mzee akaweka nukta.

Njano.

Akajaribu tena na tena mpaka jasho likamtoka, na kila mara mtetemo ulizidi kwa uchovu. Mwishowe hakuimaliza sentensi. Aliiacha ikiwa imefika kwenye neno nakubali, akasema anaenda kujinyoosha, akimaliza kupumzika atarudi. Alipokuwa anasimama alishika kikombe cha chai kwa kujishikiza, chai ya moto ikamwagika mkononi mpaka kwenye kiwiko. Hakulalamika. Aliomba radhi kwa kuilowesha meza.

Tusekile alimpaka dawa, akamlaza, akarudi mezani. Mvua ilikuwa inaporomoka juu ya bati kiasi kwamba hakusikia hata kiti chake kikiburutwa. Sentensi ilikuwa pale, nusu. Alikuwa na hasira na kila mtu: na daktari, na Mapunda na upole wake usiosaidia, na baba yake kwa ile kibodi iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati. Alijiambia kwamba haibi chochote, kwa kuwa Mzee ameshasema ndiyo kwa mdomo mara nyingi zisizo na idadi. Alijiambia pia kwamba ameambiwa asifanye. Yote mawili yalikuwa kweli na hakuna lililolishinda jingine.

Akaweka vidole. Akakumbuka chumba cha pili, kidole cha kati kinavyowahi, gumba linavyokawia kwenye nafasi. Akaandika mpaka neno la mwisho, kisha namba. Akaweka nukta.

Kijani.

"Tuse," Mzee aliita kutoka chumbani, "hebu angalia, isije ikawa imekubali kwa kuchelewa."

Alipangusa chai iliyobaki mezani.

"Imekubali, Baba."

4

Kitulizo kilifanya kazi. Siku madaktari walipokiwasha, Mzee alikuwa amenyoosha mikono mbele yake kama alivyoambiwa, na mikono ikatulia yote miwili kwa pamoja. Akaiangalia. Aliomba apewe sindano na uzi, akatunga uzi, wauguzi wakapiga makofi, na Tusekile akatoka nje ya wodi akalia kwa furaha na kwa kitu kingine.

Hakuweka nukta moja tu. Hapo ndipo wengi wanaovaa mikono hukwama, hudhani ni mara moja. Kulikuwa na kauli ya dawa ya usingizi, kauli ya kuongezewa damu, kauli ya kuruhusiwa kutoka, na Mzee alikuwa kitandani amefungwa kichwa, akamwambia binti yake ashughulikie ile kibodi yake nzuri kisha amletee aandike. Kila mara Tusekile alisema imeshamalizika, wauguzi wamesaidia. Mwezi ulipoisha ikaja kauli ya kitulizo, kwa maana kitulizo hujizima chenyewe mwenye kichwa asipothibitisha kila mwezi kwamba bado anakitaka. Hiyo nayo akaiandika. Na kila kijani iliyowaka, Sajili ilimsogeza Ambakisye Mwaisumo kidogo. Hata uvae mkono kwa ustadi gani, ndani yake kuna wako, na Sajili ilikuwa inajifunza huo wa ndani.

Nyumbani Mzee aliwasimulia wageni habari za kibodi iliyomkomboa. Aliwaonyesha chemchemi nzito na kijibodi cha namba. Aliwaambia kwamba siku ile alikuwa amekata tamaa kabisa na kumbe mkono ulikuwa umeshakubali. Mapunda alipokuja kumjulia hali aliisikiliza hadithi hiyo yote, akamtupia Tusekile jicho mara moja, kisha akasema ana haraka. Tusekile alimsindikiza mpaka barabarani, akafungua mdomo kusema.

"Dada Tuse," Mapunda akamkatiza, "mimi nikisikia kitu, ni lazima nikiandike. Usiniambie kitu."

5

Mwezi wa pili Mzee aliamka mapema, akavaa shati la kazini, akaja karakanani kabla ya wateja. Alisema leo kauli ya kitulizo ataiandika mwenyewe, mikono ipo na aibu imekwisha. Tusekile alimwambia kibodi ina hitilafu. Mzee akaketi, akaijaribu vitufe vyote, akasema haina.

Akaandika. Wacheni niseme kwamba ilikuwa raha kumsikiliza. Vidole vilishuka sawa, vikapanda sawa, mlio mfupi na wa chini, bila kusita, mkono wa kulia ukitoka na kurudi. Haukuwa mpigo wa yule karani wa zamani, wala wa mgonjwa. Ulikuwa mpigo mpya wa mtu aliyepona. Akaweka nukta.

Nyekundu. Na kwenye skrini Sajili ikaandika kwamba mtu mwingine anajaribu kuandika kwa jina la Ambakisye Mwaisumo. Akijaribu tena, jina litafungwa.

Mzee aliisoma taarifa hiyo kama alivyokuwa akisoma hukumu kabla ya kuipeleka isainiwe, mstari kwa mstari. Kisha akageuka, akauchukua mkono wa binti yake, akaufungua juu ya kiganja chake kilichotulia, akavitazama vidole.

"Siku ile ya mvua," akasema. "Ilikuwa njano."

"Ilikuwa njano, Baba."

Alimwambia yote, kwa haraka, akiwa amepiga magoti sakafuni kama anavyopaswa binti mbele ya baba yake. Alisema ataenda kwa Mapunda sasa hivi, atasema mwenyewe, wamfunge. Mzee alikuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo. Alizijua sheria hizo, alizipiga chapa mwenyewe. Kauli ya kwanza ikiwa ya uongo, zote ilizozizaa ni batili. Kitulizo kitazimwa siku hiyo hiyo. Binti atakwenda jela, na baba atarudi chini ya blanketi, Kimya, na wa kumshikia kijiko hatakuwepo. Aliyaeleza hayo kwa sauti ya karani, bila ukali.

Tusekile alingoja amkaripie, na angeshukuru kama angemkaripia. Ilipofika saa ya wateja kuanza kupita nje, Mzee aliinuka kwenye kiti, akakivuta nyuma, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa," akasema.

Akakaa.

"Niandike nini, Baba?"

Mzee alisimama nyuma yake.

"Andika kwamba nipo."

Tusekile akaweka vidole, akaandika, akaweka nukta. Taa ikawaka kijani. Mzee Ambakisye akafumbata mikono yake mizima, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja.